Kesho Chapo Atapanda Treila Bila Mimi

Brooklyn Park, Jumatano jioni

Nyambura, mum wangu, binti uliyebeba jina la mama yangu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza na natumaini u mzima kama nilivyo mimi. Mimi leo si mzima sana, kwa hivyo huo mstari nimeuruka. Niko mezani jikoni, ni saa mbili usiku na jua bado limekaa juu ya paa la jirani kama mgeni asiyejua kuaga. Miaka kumi na saba katika nchi hii na jua lake la mwezi wa sita sijalizoea. Kitanda chako nimekitandika. Wewe uko zizini kwa Lorraine, mwalimu wako wa farasi, ulisema utalala huko, ili kesho asubuhi mapema mmpakie farasi kwenye treila mwanze safari ya Wyoming. Na umeniomba nisije.

"Mum, please. Kesho usikuje. Atakuskia tu, na hataingia."

Ulisema ukiangalia viatu vyako. Mimi nikasema sawa, nikachukua sufuria iliyokuwa safi nikaiosha tena. Sasa naandika, kwa sababu ulichokataza ni mdomo, mkono hukuutaja.

Najua Kiswahili unakisema kuliko unavyokisoma. Soma kwa sauti, pole pole, kama ulivyokuwa ukinisomea zile barua za bima. Kuhusu mwandiko huwezi kulalamika. Darasa la nane mwalimu mkuu aliinua daftari langu mbele ya shule nzima akasema, tazameni, huyu ndiye anaandika, nyinyi wengine mnakwaruza. Hata leo kule kazini, kwenye nyumba ya wazee, wauguzi wakubwa wenye digrii zao wananiomba mimi niandike majina ya wazee kwenye milango.

Mambo ya soksi na chakula sitayaandika. Utavaa unachovaa, utakula unachokula. Chapati ishirini ziko kwenye friji ya Lorraine zimefungwa kwa foili, na hapo tumemaliza. Nataka kukuambia yale ambayo sikuweza kukuambia ana kwa ana, kwa sababu ana kwa ana mimi huanza kusema jambo moja nikaishia kwa lingine, na wewe huangalia viatu.

Nianze na mwezi wa pili. Nilikuwa nimewaambia watu wote kanisani kwamba binti yangu atakuwa nesi. Wote, mum. Hata wale wageni wa Jumapili moja. Halafu ukaja ukasema umesimamisha masomo, umekubaliwa kwenye mashindano, utapewa farasi wa porini, hao wanaoitwa mustang, umfundishe kwa miezi minne mpaka apandwe mbele ya watu. Na kwamba kule Wyoming kuna mtu mwenye shamba anayefanya kazi hiyo mwaka mzima, na farasi wako akifuzu, huyo mtu atakuajiri na utabaki huko. Nilikaa kimya dakika nzima, na unajua mimi dakika nzima ni nyingi. Jumapili iliyofuata nikaigeuza fahari yangu kama mtu anayegeuza gari katikati ya barabara.

"Watoto wenu wanafuga paka," niliwaambia akina mama pale kwenye chai. "Wangu amepewa farasi na serikali. Huyo hajawahi kuguswa na mkono wa mtu!"

Mama Brayo, unamjua alivyo, akaniuliza, "Na akishamfundisha anakuwa wake?"

"Hapana. Mashindano yakiisha anauzwa, anachukuliwa na mwingine."

"Sasa hiyo ni kazi ama ni uchungu?"

Nikamwambia anywe chai yake kabla haijapoa. Lakini neno lile lilinifuata hadi kwenye gari.

Siku alipofika nilikuja kumwona. Theluji ilikuwa imefika kwenye magoti ya ua. Akashuka kwenye treila akitoka mvuke mwili mzima, kamba yenye namba ikining'inia shingoni, na ile alama nyeupe ya serikali waliyomchoma kwa chuma chenye baridi kali chini ya singa za shingo. Mweupe mwenye mabaka ya kahawia. Ukacheka ukasema huyu ni chapo kabisa, zile chapati za Mum zikishika moto. Nikasema mnyama hapewi jina la chakula, na moyoni nikafurahi, kwa sababu kati ya majina yote ya dunia ulichukua la jikoni kwangu.

Halafu ukafanya jambo ambalo sikulielewa. Uliingia katika ule ua wa mviringo, ukapindua ndoo, ukaikalia ukasoma kitabu. Siku tatu. Yeye upande wa mbali anatetemeka, wewe kwenye ndoo unafungua kurasa, hata humtazami. Akikutazama, unageuka unampa mgongo. Nilishusha kioo cha gari nikauliza, "Sasa farasi anafundishwa ama wewe ndiye unasomea mtihani?"

"Mum, namwacha aniangalie kwanza."

Nilipandisha kioo. Maneno hayo nilikuwa nimeshayasikia zamani, na si wewe uliyeyasema.

Nilikuacha ukiwa na miaka mitatu. Hilo unalijua, lakini huwa tunalisema haraka haraka kama watu wanaopita mahali penye mbwa. Nilikuacha Njoro kwa shosho, mama yangu ambaye una jina lake, nikaja huku, na makaratasi yakachukua miaka minne. Ulipokuja ulikuwa na saba. Kabla hujapanda ndege shosho alinipigia simu akaniambia, "Huyo mtoto usimkimbilie. Mwache akuangalie kwanza."

Nikamjibu, "Mama, huyo ni wangu. Nimemzaa mimi."

"Ndiyo, umemzaa. Lakini hakujui."

Nilikata simu nikiwa nimekasirika. Siku ya kuja kwako nilijaza magari matatu hadi uwanja wa ndege. Nilileta akina mama wa kanisa zima, maputo, na jaketi ya baridi ya rangi ya waridi ambayo wewe na mwenzako mngeweza kuingia pamoja. Ukatokea pale mlangoni umeshika mkono wa shangazi yako, kichwa kimenyolewa, macho makubwa. Mimi nikapiga kigelegele ambacho nadhani ndege zilizokuwa angani zilikisikia, nikakukimbilia na jaketi imefunguliwa hivi, kama mtu anayefukuza kuku.

Ulijikojolea, mum. Pale pale kwenye sakafu inayong'aa. Ukaingia nyuma ya shangazi ukashika sketi yake kwa meno. Akina mama wakashusha maputo mmoja mmoja. Mimi nilicheka nikasema ni baridi, ni safari ndefu, watoto ni hivyo. Nilicheka mpaka kwenye gari.

Miezi miwili ulilala na viatu. Nilikuwa nikivivua ukishalala, asubuhi nakuta umevivaa. Nilikupikia kila kitu. Nilikununulia mwanasesere mwenye nywele. Kila nilipokusogelea ulirudi nyuma hatua ileile niliyosogea mimi, sawasawa, kama mtu amepima. Na mimi nilizidi kusogea, nikizidi kuongea, maana nilidhani upendo ukiongezewa sauti utafika.

Mwisho haikuwa akili yangu iliyoshinda. Ulikuwa uchovu. Nilitoka kazini nimeunganisha shifti mbili, nikaketi sakafuni jikoni kwa sababu kiti kilikuwa mbali, nikaanza kumenya viazi nimekupa mgongo. Sikuwa na neno hata moja mdomoni. Nikasikia viatu. Halafu nikasikia mgongo wako umegusa wangu, mdogo, wenye joto. Sikugeuka. Nilimenya viazi vyote vya mfuko, mum, vya wiki nzima, kwa kuogopa kugeuka.

Kwa hivyo nilijua. Hilo ndilo linaloniuma. Lorraine si wa kwanza kunifundisha, wala vile vitabu vyako. Nilikuwa nimeshalijua kwa mgongo wangu mwenyewe, na baada ya miaka kumi na mitatu nikawa nimelisahau kama mtu asiyewahi kujua.

Sasa nije kwa ile siku ya mwezi wa nne.

Ulikuwa umefika mbali naye. Anashikwa miguu yote minne, anavaa tandiko, anakufuata bila kamba. Ukaniambia kwa simu kwamba Ijumaa utampanda kwa mara ya kwanza, na nikitaka nije, lakini nikae ndani ya gari. Ulisema ndani ya gari. Nasema hivyo ili ujue nilisikia. Nikamchukua Mama Brayo, kwa sababu yeye ndiye aliyeuliza kama ni kazi ama ni uchungu, na nilitaka aone.

Nilikaa ndani ya gari kama ulivyosema. Nikakuona umelala kifudifudi juu ya tandiko kama gunia, ukashuka, ukalala tena, ukashuka. Halafu mguu ukapita juu na ukakaa. Ukaketi wima. Chapo akasimama, masikio yanakwenda huku na huku, kisha akapiga hatua moja. Ya pili. Mwanangu aliyelala na viatu amekaa juu ya mnyama ambaye hakuna mtu aliyewahi kumkalia tangu Mungu amuumbe.

Sijui mlango wa gari niliufungua saa ngapi. Kwetu msichana akizaliwa hupigiwa vigelegele vitatu na mvulana vitano, na ulipozaliwa shosho wako alipiga vitano akawaambia majirani wakalalamike kwa chifu. Damu ndiyo hiyo. Nilipiga cha kwanza nikiwa na mguu mmoja nje. Cha pili Mama Brayo akanipokea. Cha tatu sikukimaliza, maana Chapo alikuwa ameshapaa, mgongo umekunjika kama upinde, na wewe uko hewani, na sauti ya mkono wako nilipoisikia juu ya ule ubao wa ua nilijua ni mfupa. Mimi huwainua wazee walioanguka. Mfupa naujua.

Hukunigombeza. Hata kwenye gari, mkono umefungwa kwa skafu ya Mama Brayo, ulisema tu, "Mum, hakujua ni furaha." Baba yako alipiga simu akiwa na lori lake huko Ohio, akasikia, akasema, "Mama Nyambura, hata farasi wa porini amekushinda kutulia." Nikacheka. Wewe ulitazama dirishani.

Watu wameshanisamehe hilo. Wewe pia, nadhani. Ni jambo la kuchekesha kanisani sasa. Hili linalofuata hakuna anayelijua.

Daktari aliposema wiki sita, mkono usibebe kitu, moyo wangu ulicheka. Nilikuwa nimesimama karibu na pazia, uso wangu unalia, na ndani kitu kikacheka kikasema, basi, imekwisha, mtoto harudi kwa huyo mnyama, haendi Wyoming. Nilikuambia naenda kutafuta maji. Sikwenda kutafuta maji. Nilisimama koridoni nikapiga simu chuoni kuuliza kama unaweza kurudi darasani mwezi wa tisa. Mkono wako bado haujawekwa plasta, mum. Yule msichana wa chuo akaniuliza kama wewe mwenyewe ndiye uliyeomba. Nikasema ndiyo.

Na usiku huo na siku nyingi baada yake niliomba, si kwa sauti, kwamba Chapo akukatae. Kwamba ukirudi kwake asikubali tena. Niliomba hivyo nikiwa kwenye mstari wa mbele kanisani, mikono juu, watu wakidhani nashukuru.

Mungu alinisikia, ila alichukua jina vibaya. Wewe hukukataliwa. Nilikataliwa mimi.

Ulirudi zizini siku ya nne na plasta yako, ukaketi tena kwenye ndoo. Kwa mkono mmoja ulimfundisha yale wengine hawamfundishi farasi kwa miwili. Na mimi, nikiona aibu, nikaamua nitakuja kila siku kabla ya shifti yangu nirekebishe nilichoharibu. Nilijiamini. Unajua kule kazini wapo wazee wanaopiga kila mtu anayewaogesha, mimi hawanipigi. Wauguzi wananiita niingie mimi. Nilisema, kama nimemtuliza yule mzee aliyekuwa bondia, farasi ni nini?

Nilimwambia Lorraine nataka kusaidia. Lorraine, yule mwanamke mkavu mdogo, magoti mabovu, anatema maganda ya mbegu za alizeti kila anapofikiri. Akatema moja.

"Unataka kusaidia? Simama pale kwenye ua, uwe mti."

"Nifanye nini?"

"Miti inafanya nini?"

"Kwa muda gani?"

"Mpaka asikuone tena."

Nikasema moyoni, mwanamke huyu hanijui. Nikasimama. Kwa wiki tano, mum. Mvua, mbu, siku ile upepo ulichukua skafu yangu. Mtu wa kuleta barua alikuja mara moja tu, Chapo akamnusa kofia. Watoto wa jirani walimshika pua. Mimi nikishuka tu kwenye gari, anahamia upande wa mbali wa ua, anasimama makalio kwangu, sikio moja limenielekea kama mtu anayesikiliza mwizi.

Siku moja tu alinikaribia. Nilikuwa na mafua, sauti imekauka kabisa, hata salamu sikuweza. Akaja. Hatua kumi, hatua sita, hatua nne. Niliona kope zake, ni nyeupe upande mmoja, hukuniambia. Nikahisi kikohozi kinapanda, nikakizuia mpaka machozi yakatoka, na bado kikatoka. Akaondoka. Ulicheka sana ukasema, "Mum, kumbe ugonjwa unakufaa!" Nami nikacheka. Lakini nilipofika kwenye gari nilikaa nusu saa bila kuwasha.

Plasta ikatoka, ukampanda tena, na wakati huo hukuniambia siku. Nilikuona kwenye video, na video yenyewe umeiondoa sauti. Sijui kwa nini uliondoa sauti. Niliitazama kazini nikiwa nimejifungia stoo ya mashuka, mara nyingi, na sikumwonyesha mtu. Mimi! Nilikuwa na kitu cha kujivunia mkononi kuliko vyote nilivyowahi kuwa navyo, nikakirudisha mfukoni.

Halafu wiki iliyopita, treila. Uliniambia ndio mlango mgumu kuliko yote kwa farasi wa porini, maana mara ya mwisho waliyomwingiza kwenye sanduku la chuma walimtoa kwao. Alikuwa ameshaingia mara sita kwa hiari. Ya saba nilikuja. Niliegesha nyuma kabisa ya banda, sikusema neno, nilifunga mlango wa gari kwa vidole viwili. Akausikia. Alirudi nyuma na wewe umeshika kamba, akakuvuta kwa magoti juu ya kokoto mpaka Lorraine akapiga kelele uachie. Uliachia. Magoti yako niliyasafisha mimi, kokoto moja moja, na hukusema kitu, na safari hii nami sikusema kitu, na kimya chetu hakikuwa kizuri.

Kwa hivyo usidhani sijaelewa kwa nini nisije kesho. Asipopanda, hakuna mashindano, na bila mashindano hakuna ile kazi, na miezi minne yako itakuwa imeishia kwenye mguu mmoja wa farasi uliokataa kukanyaga ubao. Kwa sababu ya mlango wa gari la mama yako. Nimeelewa. Kuelewa hakunisaidii kukaa kwenye kiti hiki.

Nitakuambia shosho wako alifanya nini siku ulipoondoka Njoro. Nilimlaumu miaka mingi. Shangazi yako alisema gari lilipokuja kukuchukua, mama alikukabidhi pale langoni, akageuka akaenda kukata majani ya ng'ombe. Hakupunga mkono. Gari linawashwa, wewe unaita shosho, shosho, na panga linasikika huko nyuma ya nyumba. Nilisema mama yangu ana moyo wa jiwe. Nilimwambia hivyo, kwa simu, mwaka uliofuata. Akasema tu, "Angenitazama usoni asingepanda gari." Nikasema anajitetea. Alikufa kabla sijaweza kurudi nyumbani na kumwambia vingine.

Sina hekima ya kukupa kuhusu farasi, mum. Hiyo umenipita na ninajivunia, nitajivunia mpaka wachoke. Ninalojua ni la ile siku ya mwisho, watakapomuuza. Utasimama na kamba mkononi na mtu mwingine atanyoosha mkono aichukue. Atakuwa mtu mwema labda. Utataka kumweleza kila kitu, kwamba anapenda kukunwa pale chini ya taya, kwamba upande wa kushoto anashtuka. Mweleze. Lakini usimwambie kwamba hatampata kama ulivyompata wewe. Mimi nilimwambia shosho kitu kama hicho, kwamba mimi ndiye mama na yeye ni mlezi tu, ilhali yeye ndiye aliyekufundisha kutembea na kuomba na kuogopa kwa adabu. Nilichukua kamba mkononi mwake na sikumwambia asante.

Na ukilia, lia. Usicheke kama mimi pale uwanja wa ndege.

Ile simu ya chuoni, sikuomba msamaha hapo juu, naomba hapa. Walikuwekea nafasi ya mwezi wa tisa. Nilipiga tena jana nikawaambia niliwadanganya, wewe hukuomba, wafute. Yule msichana akasema, "Una hakika, mama?" Nikasema sina, lakini afute. Kama siku moja utataka kurudi, utapiga mwenyewe kwa mdomo wako.

Sasa kesho. Mara nne leo nimechukua funguo za gari nikazirudisha. Najijua. Nikiwa huru saa hiyo nitasema nitapita tu barabarani, nitasema nitaegesha kwenye lile shamba la mahindi la jirani, nitasema nitazima injini mbali nitembee. Kwa hivyo nimempa Mama Brayo gari langu. Amelichukua jioni hii pamoja na funguo zote mbili, akaniuliza, "Na kanisani nikiulizwa Nyambura ameendaje?" Nikamwambia, "Sema ameenda." Akasubiri niongeze. Sikuongeza. Akanitazama kama amekuta mtu mwingine kwenye mlango wangu.

Barua hii Mama Brayo ataipitia hapa alfajiri aifikishe kwa Lorraine, na Lorraine nimemwambia asikupe mpaka lile jambo la treila liwe limekwisha, kwa vyovyote litakavyokwisha. Kwa hivyo sijui unaisomea wapi. Kama Chapo amepanda, basi mko njiani, pengine mmeshaingia South Dakota, na mimi ninajua kwa sababu simu yangu haijalia. Usipige kwa ajili yangu. Endelea.

Na kama amekataa, bado uko pale uani, umeketi, karatasi hii iko magotini kwako, yeye amekupa mgongo au wewe umempa wako. Mimi niko hapa mezani, dakika ishirini na tano kwa gari la mtu yeyote atakayenibeba. Nimevaa viatu tayari. Sitakuja mpaka uniite, Nyambura. Na hata usiponiita, nitakuwa hapa hapa.

Ni mimi,
Mama yako